Kisogo cha Mtini

Waliosema kinyozi hajinyoi walisema kweli, ila wangeongeza kidogo: wala asiachiwe mti wa mkewe.

Kinyozi huyu mtaani wanamwita Mzee Mkasi, na jina lenyewe hakupewa kwa heshima. Mashine za umeme zilipoingia, vinyozi wenzake wote walizikumbatia. Yeye akabaki na mkasi na kitana, anakata kidogo, anarudi nyuma hatua moja, anatazama, anakata tena. Mteja aliyekuja na haraka zake aliondoka nazo, na nywele zake pia. Aliyevumilia hakujuta. Miaka thelathini na minne alisimama nyuma ya kiti kile kimoja, na kila kichwa alikimaliza kwa namna ileile: anachukua kioo kidogo cha mpini, anakishika nyuma ya mteja mpaka mtu aone kisogo chake mwenyewe ndani ya kioo kikubwa cha ukutani. "Tazama nyuma," anasema. "Mbele kila mtu anajiona. Nyuma ndiko watu wanakokusemea."

Neno hilo liweke akiba, tutalihitaji.

Alistaafu magoti yalipogoma. Alidhani sasa atakaa nyumbani na mkewe, wazeeke pamoja kwa raha zao. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishona hapohapo sebuleni, na alikuwa ameshamwonya: "Ukistaafu usinikalie hapa kama mzigo wa nguo chafu." Hakupata muda wa kumkalia. Miezi sita tu mama wa watu akaugua, akalazwa, na hakurudi. Binti yao wa pekee alikuja mazishini, akakaa wiki mbili, akarudi kazini kwake maabara, mbali, mipaka miwili ukivuka. Nyumba ikabaki na viumbe viwili: Mzee Mkasi na mtini.

Mtini wenyewe si wa kupandiwa ngazi. Ni ule wa chunguni, wapenda maua wanauita bonsai: mti mzima kabisa, una shina nene na mizizi iliyoubana udongo kama vidole vya mtu mbishi, lakini ukiupima haufiki kiwiko. Usipoukata unakumbuka kwamba kwao ni wakubwa, unaanza kurefuka ovyo. Kwa hiyo kila mwezi lazima upunguzwe. Marehemu aliuanza ukiwa kijiti, mwaka uleule aliojifungua, na kwa miaka ishirini na minane aliulea pamoja na mtoto. Mtoto alikua akaondoka. Mti ulikatazwa kukua, ukabaki.

Mahali pake palikuwa juu ya kabati la vyombo, ukutani, mkabala na mlango. Karibu na mlango, ukuta uleule wa mlango, ndipo palipo na dirisha, na chini ya dirisha cherehani. Ukiingia tu, kabla hata hujavua viatu, unakutana na mti uso kwa uso. Maana mti wa namna hii una uso, usicheke. Upande mmoja matawi yamefunguka kidogo, shina linaonekana vizuri, umeinama mbele kama mtu anayekusalimu. Kila jioni akitoka kazini Mzee Mkasi alifungua mlango saa kumi na moja, akakuta uso ule umemwelekea na mkewe yuko cherehanini, hainui kichwa, anauliza, "Umenyoa wangapi?" Basi. Ndiyo ndoa yao ilivyokuwa, na ilikuwa tamu.

Kuhusu mti alikuwa na amri moja tu kutoka kwa mkewe: asiuguse. Mwaka fulani aliuhamishia jikoni apate pa kuweka redio, na mtini haupendi kuhamishwa. Ukasusa, ukaangusha majani yote. Mkewe naye akasusa. Mti ulichipua baada ya wiki tatu. Mke alichukua mwezi.

Siku ya kuanua matanga, shemeji yake, mdogo wake marehemu, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia sokoni ingawa ni mwalimu wa watoto wadogo, alisimama mbele ya kabati akasema, "Shemeji, huu mti nipe mimi. Nitautunza. Wewe utauua."

"Nimeshika mkasi tangu wewe una meno ya maziwa," akajibu Mzee Mkasi. Watu walicheka, wakashangaa kwamba wanacheka.

"Haya. Lakini tukubaliane. Likikauka tawi moja tu, nauchukua."

"Likikauka, chukua."

Alikubali haraka kwa sababu alijiamini, na kwa sababu hakutaka watu waone macho yake.

Basi akaanza kazi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alikifunga kile chungu kitambaa chake cheupe cha kinyozi, akakibana nyuma kwa pini, akauliza, "Leo tunakata vipi, mzee?" Mti haukujibu, naye hakukasirika, amewahi kuwa na wateja wa namna hiyo. Kanuni aliijua kwa kumsikia mkewe: kijitawi kikifikisha majani sita, kirudishe kwenye mawili. Akikata, pale mkasi ulipopita yanatoka maziwa meupe, anayafuta kwa kitambaa kibichi kama alivyofuta povu shingoni mwa watu. Hakuwahi kuuhamisha hata unyayo mmoja. Vumbi la kabati alilifuta akizunguka chungu kwa kidole. Nyuma, kule ukutani, mkono ulifika kwa kupapasa tu. Napo alipunguza kwa kupapasa, maana kinyozi gani atamwacha mtu upande mmoja mfupi, upande mmoja mrefu? Akimaliza anarudi hatua moja, anatazama. Safi. Anapiga picha, anamtumia binti yake.

Jumapili binti anapiga simu. "Baba, mti umependeza! Unakula vizuri?"

"Nakula, mama."

"Na usingizi?"

"Upo."

Uongo mtupu, chakula na usingizi. Alikuwa anakula amesimama jikoni, maana meza ina viti viwili, na kiti kitupu kinamkodolea macho. Siku nyingine ilifika Jumatano ndipo anagundua kwamba sauti yake hajaisikia tangu simu ya Jumapili. Alijaribu kukaa kibarazani asalimiane na wapita njia, lakini vijana wamevaa vitu masikioni, unawasalimia, wanapita. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, mpweke mpaka anafurahi mtu akikosea nyumba.

Mwaka ukapita na miezi minne. Jumamosi moja, katikati ya kazi, kitana kikamponyoka kikaangukia nyuma ya kabati. Akapiga magoti, magoti yakalia, akaingiza mkono. Kabla ya kitana, mkono ukakutana na majani. Akavuta konzi moja. Mengine ya kahawia, yamevunjika vunjika, ya zamani. Mengine ya manjano, bado laini, ya wiki hii. Akavuta tena. Na tena. Ikawa rundo pale sakafuni, na kitana hakijaonekana.

Alisimama akautazama mti. Uso umejaa majani, umetulia, unamsalimu kama siku zote. Ndipo akaenda chumbani, akafungua sanduku lake la kazi, akatoa kioo cha mpini. Akakiingiza kati ya mti na ukuta, akakiinamisha.

Tazama nyuma.

Nyuma hakukuwa na kitu. Mtini ulikuwa na kipara. Lile tawi kubwa la nyuma, tawi la kwanza kabisa, ambalo marehemu alikuwa akilisifia kwa wageni kwamba ndilo linaloufanya mti uonekane mnene, lilikuwa fimbo. Jani hata moja. Akakisogeza kioo juu, chini, akatazama tena. Mwanamume aliyewaonyesha watu visogo vyao miaka thelathini na minne, kisogo cha mti wa mkewe hakukitazama hata siku moja! Aliona aibu kana kwamba mkewe yuko pale cherehanini na ameinua kichwa.

Hajawahi kumpigia binti yake siku isiyo Jumapili, tena akiwa zamu maabara. Leo akapiga.

"Baba! Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Bado. Mama, mti wa mama yako unakufa kwa nyuma. Sijauhamisha, nakuapia. Sijausogeza hata unyayo. Upo palepale kama alivyouacha."

"Palepale vipi, baba? Unaugeuza, lakini?"

"Nigeuze nini?"

"Mti. Si lazima nyuma nako kupate mwanga? Mama alikuwa anaugeuza kila siku! Asubuhi ukishafunga mlango tu, anaugeuza, mgongo unatazama dirisha. Unakaa hivyo kutwa. Mimi nikirudi shule mchana nakuta mgongo. Halafu saa kumi na nusu, saa kumi na moja kasoro, anaurudisha uso mlangoni. Hukujua?"

Mzee Mkasi alikaa kwenye kiti cha karibu. Miaka yote ile. Yeye alidhani mti haujawahi kutikisika.

"Alinikataza kuuhamisha," akasema.

"Kuhamisha siyo kugeuza, baba. Na hilo tawi la nyuma, unalikata?"

"Nalisawazisha. Na mengine."

"Aa-aa! Dhaifu halikatwi. Mama si alikuwa anasema, lenye nguvu likate, dhaifu liache lijikusanye? Wewe ulikuwa unasikiliza redio." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Baba? Usilie, baba."

"Silii. Lakini kwa nini alikuwa anaurudisha? Mti jioni una haja gani ya kutazama mlango?"

"Sijui. Sikuwahi kumuuliza. Baba, naitwa huku, kuna sampuli zinaningoja. Jumapili, sawa? Geuza huo mti."

Simu ikakatika. Akabaki ameishika sikioni, kama mtu anayesubiri chenji.

Kisha akafanya kile ambacho hajawahi kufanya. Alikishika chungu kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu, nusu duara. Chini yake kabati lilikuwa na alama ya mviringo iliyokwanguka, mbao imelainika kwa kugeuziwa kila siku miaka na miaka. Amefuta vumbi kandokando ya alama ile zaidi ya mwaka mzima na hakuwahi kujiuliza imetokana na nini.

Sasa tawi. Tawi hai la mtini ukilikata linatoa maziwa. Lililokufa halitoi kitu, ndiyo hukumu yake, haina rufaa. Akakata ncha. Kavu, imekatika kwa mlio wa njiti ya kiberiti. Akarudi nyuma unene wa kidole. Kavu. Akakumbuka shemeji yake na makubaliano yao. Likifa hili mti unaondoka, na ukiondoka atafungua mlango ule akute kabati. Akakata mara ya tatu. Kavu. Mara ya nne alisogea karibu na shina, palipobaki kipande kisichozidi urefu wa kidole gumba, akafumba macho. Kinyozi, amefumba macho na mkasi mkononi! Akakata.

Akafumbua. Mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu pembeni, upande mmoja tu wa kidonda, kikatokeza kitone cheupe, kidogo kama kichwa cha pini. Kikakua, kikateleza.

"Ahsante," akasema Mzee Mkasi, na sijui alikuwa anamwambia nani.

Yaliyofuata yalikuwa adhabu kwa mtu wa kazi yake. Mbele akakata kwa nguvu, akaufungua mti mpaka mwanga upite. Nyuma hakugusa. Vijitawi vidogo vilivyosalia huko akaviacha virefuke vitakavyo, vimesimama ovyo ovyo kama nywele za mtu aliyetoka kitandani, na kila akipita mkono unamwasha. Asubuhi anageuza mgongo dirishani. Anaketi kwenye kiti chake, anautazama mgongo ule mbaya kutwa. Hapo ndipo lilipomjia wazo kwamba mkewe naye, akiwa pale chini ya dirisha anashona, aliutazama mgongo huuhuu kutwa, kila siku, miaka ishirini na minane.

Wiki ya sita, asubuhi, kabisha mtu. "Hodi hodi! Shemeji, umo humo au umeshaoa?"

Sauti ile huiulizi ni ya nani. Mzee Mkasi alikuwa amesimama kando ya kabati, na mti umegeuka: kisogo chote nje, fimbo na manyoya. Sekunde mbili tu zingetosha. Angegeuza chungu, shemeji angeuona uso, angesifia, angekunywa chai akaenda zake. Mikono ilishafika kwenye chungu. Akaiangalia, mikono yake mwenyewe, akaitoa.

"Karibu. Mlango haujafungwa."

Shemeji aliingia, akautazama mti, mkoba ukamshuka begani. "Mama yangu! Umeufanya nini?"

"Tazama nyuma," akasema Mzee Mkasi. "Mbele kila mtu anajiona." Akamweleza yote, bila kujitetea: majani nyuma ya kabati, kusawazisha kwa kupapasa, kutougeuza. "Ulisema likikauka tawi moja unauchukua. Hili limekauka robo tatu. Sikufichi."

"Ungenificha ningekuona. Mficha uchi hazai." Shemeji alisogea, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kuligusa tawi. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko Mzee Mkasi alivyoweza kustahimili. "Na hivi ni nini?"

Penye kovu, pale palipotoka maziwa, palikuwa na vichomozo viwili vya kijani, vyembamba, vimejikunja kwa kubana. Mzee Mkasi alikuwa ameviona jana, ila hakuthubutu kuamini macho yake peke yake. Hakuna wa kumwambia, "Hebu njoo uone."

"Ni macho ya majani," akasema taratibu. "Unayaona na wewe?"

"Nayaona. Mimi si kipofu kama wewe." Shemeji akavuta kiti cha cherehani, akakikalia. Tangu msiba hakuna aliyekikalia. "Kwa hiyo ulikuwa hujui kabisa kwamba dada anaugeuza?"

"Sikujua. Wala sijui mpaka leo kwa nini jioni alikuwa anaurudisha."

"Heh! Miaka yote hiyo, mwanamume wewe?" Akamtazama, na mara hii sauti ya sokoni ikamwishia. "Mimi nilimuuliza. Nilimwambia, dada, unajisumbua, acha mti ukae na mgongo wake. Akaniambia: mume wangu kutwa anatazama visogo vya watu. Akirudi kwake, angalau kitu kimoja kimtazame usoni. Mimi nina kazi, siwezi kuinua kichwa."

Mzee Mkasi akaenda jikoni kuchemsha chai, na chai ile ilichukua muda mrefu sana kuchemka. Shemeji naye ana akili zake, hakumfuata.

Aliporudi na vikombe, macho mekundu, shemeji alijifanya anatengeneza mkoba. "Mti baki nao," akasema. "Ila likikauka tawi la pili, nakuchukua na wewe."

Wakacheka. Akanywa chai, akasimulia ya shule yake, akaondoka kabla ya adhuhuri, maana ana watu wanaomsubiri. Nyumba ikarudia kimya chake.

Saa kumi na nusu Mzee Mkasi alisimama, akaushika mti, akaurudisha uso mlangoni. Kisha akaketi kwenye kiti chake. Akangoja. Hakusikia lolote moyoni. Huwezi kujipokea mwenyewe ukiwa umekaa. Mti ulikuwa unautazama mlango, na mlangoni hakuna mtu.

Akavaa kofia, akachukua funguo, akatoka. Alitembea mpaka kwenye duka lake la zamani, siku hizi linauza vifuniko vya simu, akasimama kidogo mbele ya kioo kikubwa ambacho wenyewe hawakukitoa ukutani. Muuzaji akamuuliza, "Mzee, nikusaidie?" Akasema hapana, anapita tu. Akarudi kwa njia ileile aliyorudi nayo miaka thelathini na minne, magoti yakinung'unika.

Saa kumi na moja aliingiza ufunguo, akafungua. Mti ulikuwa umemwelekea, uso wote, umeinama kidogo mbele.

"Leo sijanyoa hata mmoja," akasema.

Akabaki mlangoni kitambo, kofia mkononi, kisha akaingia akafunga mlango.